Tambara la mfukoni

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa tambara kabla sijapewa spana. Mzee aliyenifundisha ufundi alichana fulana kuukuu, akakunja kipande mara nne, akanichomekea mwenyewe kwenye mfuko wa mbele wa ovaroli, upande wa kulia. "Hili lisikutoke," akasema. Nilikuwa na miaka 17, nikamtii. Kwa miaka 23 tambara lilikaa palepale, juu ya paja, vidole vichache tu kutoka kinenani.

Mtu wa gereji anajua tambara la jioni lilivyo. Asubuhi ni kitambaa, jioni ni kitu kingine kabisa: kizito, cheusi, ukilikamua linadondosha. Umefutia kijiti cha kupimia oili, umefutia mikono, umefutia jasho la shingo, kila mara ukalirudisha mfukoni. Mfuko unalowa, na nguo ya ndani nayo inalowa. Ngozi ya paja langu la kulia iligeuka rangi ikaota vipele vyenye ncha nyeusi ambavyo haviishi mwaka mzima. Tuliviita vipele vya kazi. Kila fundi niliyemjua alikuwa navyo, pajani au mikononi, na hakuna aliyevipeleka hospitali, maana tulivihesabu kuwa sehemu ya ufundi, sawa na kucha nyeusi.

Naandika haya kwa sababu ya Mzee. Ameniruhusu, kwa sharti moja tu kwamba jina lake lisionekane. Nitamwita Mzee, kama nilivyomwita siku zote.

Tulikuwa chini ya lori tunashusha giaboksi, yeye upande wake na mimi upande wangu. Akasema bila kunitazama: "Kijana wangu, nina kidonda mahali nisipoweza kukuonyesha." Nikanyamaza. Akamalizia nati aliyokuwa anaifungua, akaiweka kwenye kopo, ndipo akaendelea. Kilianza kama chunjua, kwenye ngozi ya korodani. Hakikuuma. Kikakaa mwaka mzima hakikui, kisha kikapasuka, kikawa kidonda kisichofunga. Mwaka wa pili ukaisha. Alikuwa amejipaka kila aina ya dawa ya kupaka. Alikuwa amekwenda kwa tabibu mara mbili, na mara zote mbili alitibiwa ugonjwa wa zinaa, akachomwa sindano, akaulizwa kuhusu wanawake. Mzee ambaye hajawahi kumsaliti mkewe alirudi nyumbani na karatasi ya dawa hizo akaificha ndani ya kiatu. Aibu ile ilimgharimu miezi mingi kuliko kidonda chenyewe.

Nilimshika mkono kesho yake tukaenda wote hospitali kubwa. Wakakata kipande cha nyama kupima. Majibu yalipotoka, daktari mpasuaji alimweleza taratibu: saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye seli bapa za juu. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Baba, maisha yako yote umefanya kazi gani?"

"Fundi magari."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika, akainua tena macho. "Tambara ulikuwa unaliweka wapi?"

Mzee akagusa paja lake. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikajikuta mkono wangu uko kwenye mfuko wangu wa kulia, na tambara limo.

Mzee alipasuliwa, akatolewa na tezi za kinena. Yuko hai, na mguu mmoja unamvimba akisimama sana. Daktari hakutuambia kwamba oili ndiyo iliyofanya. Alisema kwa mtu mmoja mmoja haiwezekani kunyoosha kidole namna hiyo, saratani haiandiki ilikotoka. Alichosema ni kwamba madaktari wameifahamu picha hii kwa zaidi ya miaka 100: aina hii ya saratani, mahali hapa, kwa mtu wa kazi hii. Neno hilo, miaka 100, ndilo lililoninyima usingizi. Ningeelewa kama jambo lingekuwa limegunduliwa juzi.

Nikaanza kusoma. Mimi si msomi, lakini kusoma najua, na jambo likinishika silali.

Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu vijana waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi. Waliingia humo wakiwa wadogo, masizi yakawajaa kwenye mikunjo ya ngozi ya korodani, na ukubwani wakaota kidonda ambacho wenyewe walikuwa na jina lake, na madaktari wengi walikidhania kuwa ni ugonjwa wa zinaa. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Kosa lile lile alilofanyiwa Mzee, miaka zaidi ya 200 kabla yake.

Masizi ni ya makaa ya mawe na kuni. Mafuta yakafuata. Mwaka 1875 Richard von Volkmann wa Halle, Ujerumani, alieleza saratani hiyo hiyo kwa watu waliofanya kazi na lami na parafini, na mwaka 1876 Joseph Bell wa Edinburgh akaieleza kwa wafanyakazi wa viwanda vya mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mawe. Kisha ikaja zamu ya wasokotaji wa pamba wa Lancashire, Uingereza. Hawa ndio walionigusa zaidi, kwa sababu kazi yao ninaiona kabisa. Mtambo mrefu unakwenda mbele na kurudi nyuma siku nzima, una mamia ya vijiti vinavyozunguka kwa kasi, kila kimoja kimepakwa mafuta na kinarusha matone. Uzi ukikatika, msokotaji anainama juu ya mtambo kuuunga, na kinena chake kinagusana na nondo iliyolowa mafuta. Anainama hivyo mara ngapi kwa siku, kwa miaka 30, 40? Mwaka 1922 madaktari wawili, Southam na Wilson, walichapisha hesabu kutoka hospitali kuu ya Manchester: kati ya wagonjwa 141 wa saratani ya ngozi ya korodani tangu 1902, 69 walikuwa wasokotaji hao. Msafisha mabomba ya moshi alikuwa mmoja tu.

Sheria ya kulazimisha mafuta salama zaidi kwenye mitambo hiyo ilikuja mwaka 1953. Kutoka 1922 hadi 1953 ni miaka 31. Watu walijua, na matone yakaendelea kuruka. Wakati huohuo, mwaka 1950, madaktari wa Birmingham walikuwa wanaandika habari ileile kwa mafundi wa mashine za kukereza chuma, ambao mafuta ya kupozea yaliwalowesha suruali kuanzia kiunoni.

Sasa nieleze ninavyoelewa ni nini hasa kilichomo, kwa sababu mafundi wenzangu huniuliza hilo kabla ya lolote, na wana haki.

Mafuta ghafi yana mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Baadhi yake ni zile ambazo atomi zake za kaboni zimejipanga kama pete zilizoshikana, tatu, nne, tano. Familia hiyo ya pete ndiyo adui wa ngozi. Mwaka 1933 watafiti wa London walifanikiwa kutenga moja yao, benzopirini, kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na ikawaotesha uvimbe panya walipopakwa. Mwili wenyewe ndio unaoikoroga: ukijaribu kuiyeyusha ili uitoe, unaigeuza kuwa kitu kinachoganda kwenye vinasaba vya seli. Seli nyingi hurekebisha, lakini ikipita moja iliyoharibika mahali pabaya, inaanza safari ya miaka mingi bila kukupa ishara.

Kiwanda kinaposafisha mafuta ya kulainishia vizuri, kwa haidrojeni au viyeyushi, pete nyingi zinaondolewa. Ndiyo maana Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani huko Lyon, Ufaransa, umeyatenga mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na mafuta ghafi, katika makundi mawili. Yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo tu, yamo Kundi la 1, yaani ushahidi kwamba yanasababisha saratani kwa binadamu umetosha. Yaliyosafishwa sana yamo Kundi la 3, yaani ushahidi haujatosha kuyahukumu. Kwa hiyo oili mpya nzuri ukifungua galoni, ile ya rangi ya asali, siyo inayonitisha.

Inayonitisha ni ileile baada ya kilomita elfu kadhaa. Ndani ya injini oili inapikwa, inapitiwa na moshi wa mafuta yanayoungua, inakusanya zile pete upya, safari baada ya safari. Inapotoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imebeba masizi na pete ambazo kiwanda kilizitoa. Hii ndiyo oili chafu, na hii ndiyo tunayoishika kwa mikono mitupu, kwa sababu mpya tunaimimina kutoka kwenye galoni bila hata kuigusa. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliandika kwenye sheria yake ya kemikali za saratani kwamba kazi inayogusanisha ngozi na mafuta yaliyokwisha kutumika ndani ya injini ihesabiwe miongoni mwa kazi zenye hatari hiyo.

Fikiria tu unavyomwaga oili. Umelala chali chini ya gari, injini bado ina moto. Unalegeza bolti ya sampu kwa spana, unamalizia kwa vidole. Ukifika uzi wa mwisho oili inakuja ghafla, inapita katikati ya vidole, inateremka kiganjani, inafika kwenye kifundo, inaingia ndani ya mkono wa ovaroli hadi kwenye kiwiko. Bolti nayo imekuponyoka, imezama kwenye beseni, unatumbukiza mkono kuitafuta. Nimefanya hivyo mara nyingi kwa siku, kwa miaka. Baada ya hapo hukuwa na muda wa kuosha, gari lingine linasubiri. Unafuta kwa tambara. Kufuta si kuosha. Kufuta ni kuisambaza ikawa utando mwembamba unaokaa na ngozi hadi jioni.

Na jioni tuliosha kwa nini? Kwa petroli. Hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu hili nililifundisha mwenyewe kwa vijana niliowalea.

Petroli inaondoa weusi haraka, hakuna sabuni inayoifikia. Lakini tazama mkono dakika tano baadaye: umepauka, ngozi imekaza, mistari ya vidole imekuwa myeupe kama chaki. Imeondoa weusi pamoja na mafuta ya asili yanayoilinda ngozi. Kesho yake kuna nyufa. Keshokutwa unaingiza mikono yenye nyufa kwenye oili chafu. Tulikuwa tunaitoboa ngao kila jioni halafu tunarudi vitani asubuhi.

Na petroli ina mzigo wake wenyewe. Ndani yake mna benzini, pete moja peke yake, nyepesi, inayopanda hewani upesi. Hiyo haikai kwenye ngozi kusubiri. Inapita kwa pumzi, kidogo kwa ngozi, inafika kwenye ini, ini linaivunja, na mabaki ya kuvunjwa kwake yanafika kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Kwanza damu inapungua, kisha kwa wengine inaharibika. Katika miaka ya 1970 daktari wa Istanbul, Muzaffer Aksoy, aliona mafundi viatu wakifika kwake na saratani ya damu. Walikuwa wanafanya kazi katika vyumba vidogo, wanapaka gundi iliyoyeyushwa kwa benzini, na chumba hichohicho wengine wanalala. Mwaka 1974 alichapisha habari zao. Mwaka 1977 ukafuata utafiti wa wafanyakazi wa kiwanda cha mpira huko Ohio, Marekani, wenye matokeo yaleyale.

Kilichofuata Marekani nakieleza kwa sababu kinaonyesha jambo linavyoweza kujulikana na mtu bado asilindwe. Serikali ilitaka mwaka 1978 kushusha benzini hewani kazini kutoka sehemu 10 kwa milioni hadi sehemu 1. Wenye viwanda vya mafuta wakaenda mahakamani, na mwaka 1980 Mahakama Kuu kabisa ikaifuta amri hiyo. Ilirudi mwaka 1987. Miaka 9 imepotea hapo katikati, na watu waliendelea kuvuta hewa ileile. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukapitisha kushusha hadi sehemu 0.2. Hesabu mwenyewe: kilichoruhusiwa Marekani zamani ni mara 50 ya hicho kilichopitishwa Ulaya. Na pua haiwezi kukusaidia, maana harufu ya benzini unaanza kuisikia ikiwa imeshapita sehemu 1 kwa milioni, na mtu wa gereji ndani ya nusu saa hasikii tena harufu yoyote.

Petroli yenyewe, ile tunayotia kwenye magari, mwaka 2025 wakala wa Lyon uliihamishia Kundi la 1. Kabla ya hapo, tangu 1989, ilikuwa kwenye kundi la "huenda". Saratani zilizotajwa ni ya kibofu cha mkojo na lukemia kali ya maieloidi, ambayo ni saratani ya damu inayokwenda kwa kasi. Naomba tuelewane hapa: Kundi la 1 linasema ushahidi ni wa uhakika kiasi gani, halisemi kitu ni kikali kiasi gani. Jua la mchana limo humo, sigara nayo imo humo. Mtu anayejaza tangi lake mara moja kwa wiki hayuko kwenye mizani moja na mtu anayekaa juu ya karai la petroli saa tatu anasugua vipuri kwa brashi. Mimi nilikuwa huyo wa karai. Nilisafisha kabureta hivyo, nikapuliza vitundu vyake kwa mdomo. Nilinyonya petroli kwa mpira kuihamisha kutoka tangi hadi tangi, na mara mbili niliimeza. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua bila kungoja saratani, na hilo nalo niliambiwa nikiwa nimeshapita miaka 40.

Dizeli na mafuta ya taa hayana benzini ya kiasi hicho. Yanakausha ngozi na kuichubua, na hilo linatosha kuyakwepa. Kwenye dizeli kinachotisha zaidi ni moshi wake, uliowekwa Kundi la 1 mwaka 2012, basi gari la dizeli liwashwe nje au ekzosi iunganishwe na bomba linalotoa moshi nje.

Nimewaeleza wenzangu haya na majibu yao nayajua kwa moyo. La kwanza: mzee fulani alifanya kazi hii miaka 50 na amekufa usingizini. Ni kweli. Hata wasokotaji wengi wa Lancashire hawakuugua. Lakini saratani ya kazi inakuja baada ya miaka 10, 20, mara nyingine zaidi ya 40, mtu keshastaafu, keshatawanyika, na gereji aliyofanyia kazi haipo tena. Nani atamhesabu? Tunaowaona ni waliobaki wima. La pili: nikivaa glovu spana inateleza. Hilo nalielewa, nililisema mwenyewe. Glovu nyembamba za nitraili, mpira wa kiwandani unaostahimili oili, ukizoea wiki mbili unashika hata skrubu ndogo. Zile za mpira wa kawaida mafuta yanazilainisha na kuzitoboa, usipoteze muda nazo. Hata za nitraili ni za oili na grisi. Petroli inazipenya ndani ya dakika, kwa hiyo zikilowa petroli zitupwe. Glovu iliyolowa ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu inaufunga uchafu na ngozi pamoja.

Gereji yetu imebadilika, si yote na si kwa siku moja. Karai la petroli limeondoka, tunaoshea vipuri kwa sabuni ya kuondolea grisi iliyochanganywa na maji, inachukua muda zaidi na mwanzo nilinung'unika. Mikono tunaipaka kwanza mafuta ya mimea, yanalainisha weusi, ndipo sabuni. Bolti ya sampu tunaikamata kwa sumaku yenye mpini. Tambara halikai tena mfukoni: tumepiga misumari ukutani, kila mtu na wake, na lililolowa linakwenda kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Na mifuko ya mbele ya ovaroli tumeishona kabisa. Hilo lilikuwa wazo la kijana wetu mdogo kuliko wote. Alisema mkono una akili yake, utalirudisha tambara mfukoni hata ukiukataza, kwa hiyo tuuondolee mfuko.

Ovaroli zinabaki kazini. Kwa miaka yote ile mke wangu alifua ovaroli zangu kwenye beseni moja na nguo za watoto. Nilimweleza jambo hili jioni moja nikiwa na hofu atakavyolipokea. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Na mikono yangu je?" Sikuwa na jibu. Tulikwenda kupimwa pamoja.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Hesabu kamili ya damu inaweza kuonyesha uboho ukianza kuchoka. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na bila maumivu, isingoje. Na ngozi inatazamwa kwa macho: chunjua mpya, kidonda kisichofunga wiki kadhaa, baka gumu, popote mafuta yalipokaa, pamoja na pale ambapo hutaki kuonyesha mtu. Hapo ndipo hasa.

Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1700 kwamba kwenye maswali ambayo Hipokrati, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliwafundisha madaktari kumuuliza mgonjwa liongezwe moja: unafanya kazi gani? Nimelifikiria sana swali hilo. Mzee alikutana na watu wawili wenye makoti meupe kabla ya mpasuaji, na hakuna aliyeuliza. Fomu zina mstari wa kazi, ni kweli, lakini ni mstari wa urefu wa kidole, na siku zote nimeandika neno moja, "fundi", na hakuna aliyewahi kunigeukia kwa sababu ya neno hilo.

Safari hii niligeuza karatasi. Nyuma yake nikaandika: miaka 29 gereji. Oili chafu kila siku, mikono mitupu kwa miaka 23. Petroli ya kuoshea vipuri na mikono, miaka 23. Tambara mfuko wa mbele wa kulia, saa tisa kwa siku. Nikamalizia na mwaka niliouacha kila kimoja.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma polepole, kidole kikifuata mistari. Akaweka kalamu chini.

"Baba, hilo tambara sasa liko wapi?"

"Liko kwenye msumari."

Akavuta pazia, akavaa glovu. "Haya, tuanze na hilo paja la kulia."